Maswali ya Wasomaji: Tela Zito na Pikapu Inayokosa Nguvu

Barua za msimu huu kutoka Tabora na Kigoma zina kilio kimoja. Pikapu imefungwa tela, mzigo umejaa, na gari ama linachemsha, ama linayumba, ama halisimami. Tumechagua sita. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo linaweza kuua mtu, na kwa ufupi pale ambapo kazi ni ya spana na dakika chache.

Nifunge tabo?

*Habari za kazi. Nina Hilux yenye injini ya aina ya 3L, ile ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Navuta tela la ekseli moja lenye asali kutoka Sikonge hadi Tabora mjini: ndoo 60 za lita 20 kwenye tela, na nyingine 20 kwenye bodi. Mwinuko mdogo tu gari linakaba, moshi mweusi unatoka na mshale wa joto unapanda. Fundi anasema dawa ni kufunga tabo. Nikubali?* – Msomaji, Sikonge

Usikubali bado, ndugu. Anza na hesabu ya uzito, kwa sababu asali huwadanganya watu. Wengi huhesabu ndoo ya lita 20 kuwa kilo 20 kama ya maji. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo moja ni kilo 28 kabla ya kuhesabu plastiki. Ndoo zako 60 si kilo 1,200 bali ni karibu 1,700. Ongeza tela lenyewe, ambalo likichomelewa kwa chuma kizito hufika kilo 400 au 500, kisha ndoo 20 za kwenye bodi, yaani kilo nyingine 560. Ukijumlisha na gari, dereva na mafuta, msafara wote unapita tani 4. Injini unayoitegemea ina sentimita za ujazo 2,779 na nguvu ya farasi takriban 90 tu, tena ilipokuwa mpya.

Halafu kuna hewa. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika kimo hicho, maana kila silinda inavuta hewa nyembamba zaidi. Fundi aliyepima pampu na nozo zako kwa mazoea ya Dar es Salaam anakupa dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ndiyo maana unaona moshi mweusi: dizeli imeingia ikakosa hewa ya kuichoma, na joto lake linaishia kwenye hedi (kichwa cha injini) badala ya magurudumu.

Kwa hiyo fanya kazi kwa mpangilio huu. Fungua kwanza chujio la hewa. Vumbi la barabara ya kando huliziba haraka, na kulipiga upepo kila siku hulitoboa vitundu vidogo visivyoonekana. Likichoka, nunua jipya. Badilisha chujio la dizeli na umwage maji yaliyokaa chini yake. Peleka nozo zipimwe kwenye mashine, zote nne pamoja, kwa sababu nozo moja inayodondosha badala ya kunyunyiza inatosha kuleta moshi na kutoboa pistoni. Mwambie fundi apime nafasi za valvu na taimingi ya pampu, na kama kuna mtu aliwahi kufungua skrubu ya pampu ili gari "liwe na nguvu", airudishe.

Kisha angalia matairi. Ukivisha matairi makubwa kuliko ya awali, kwa mfano yenye kipenyo cha inchi 31 badala ya 28, umezipunguzia gia zote nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 10. Gari linapendeza kwa macho, lakini kwenye mwinuko umeshalinyang'anya sehemu ya nguvu bila kugusa injini.

Joto nalo lina sababu zake, na mara nyingi ni za bei ndogo. Katika kimo cha Tabora maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, umerudi kwenye 96, na injini inayovuta tani 4 hufika hapo haraka. Mfuniko uliooza huletea watu gharama ya gesketi ya hedi. Nunua mpya wenye namba ile ile. Osha rejeta ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, ili mbegu za majani na wadudu walionasa watoke walikoingilia. Weka kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Injini ikiwa ya moto, zima na usikilize feni: ikiendelea kujizungukia kirahisi kwa muda mrefu, klachi ya feni imekufa.

Sasa uendeshaji. Injini ya 3L ina msukumo wake mkubwa kwenye mizunguko 2,400 hivi kwa dakika. Ukiing'ang'aniza gia namba nne ikiwa kwenye 1,600, unailisha dizeli isiyoweza kuichoma, na pampu ya maji na feni zinazunguka polepole wakati ule ule joto linapopanda. Rudi gia namba tatu mapema, kabla gari halijaanza kukaba, uipandishe hadi 2,400 au 2,800. Kelele itaongezeka na mshale wa joto utashuka. Gia namba tano isahau kabisa ukiwa na tela. Kwenye giaboksi hiyo namba nne hupitisha nguvu moja kwa moja, ila namba tano hupitia meno ya pembeni, na ndiyo ya kwanza kung'oka chini ya mzigo.

Kuhusu tabo lenyewe: 3L haikuundwa kwa ajili yake. Ndugu yake 2L-T, iliyotoka kiwandani ikiwa na tabo, inajulikana kwa kupasuka hedi. Ukilazimisha, presha isizidi bar 0.5, na lazima ufunge kipimo cha joto la ekzosi ili lisipite nyuzi 650 hadi 700 kabla ya tabo. Bila kipimo hicho unaendesha gizani. Ushauri wetu ni kupunguza ndoo hadi 35 kwenye tela na 10 kwenye bodi, na fedha ya tabo iwekwe kwenye breki za tela. Kama biashara imekua na mzigo huo ni wa kila wiki, pikapu ya 3L si chombo chake. Canter iliyotumika itakulipa kuliko hedi ya pili.

Tela linapiga mkia

*Shikamooni. Mume wangu anabeba tumbaku na pikapu ya milango minne kutoka Urambo. Akifika kilomita 80 kwa saa tela linaanza kupiga mkia, na limeshataka kumtoa barabarani. Marobota mengi anayapanga nyuma ya tela ili kuipunguzia gari uzito. Tatizo ni shokapu?* – Mama wa Urambo

Marahaba, mama. Tatizo ni hayo marobota ya nyuma, na tunaomba apunguze mwendo hadi 60 kuanzia leo, kabla hata hajapanga upya.

Tela lenye uzito mwingi nyuma ya ekseli linanyanyua mkono wake, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, na kuinua mkia wa gari. Matairi ya nyuma ya pikapu yanapoteza mshiko, na upepo wa basi linalopita unatosha kuanzisha mtikisiko unaojiongeza wenyewe. Mkono wa tela unatakiwa kukandamiza gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Tela la kilo 1,500 likandamize kwa kilo 150. Likishuka chini ya 100, hatari imeanza. Likizidi sana, angalia kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia na kwenye kitabu cha gari.

Kupima si lazima kwenda mizani ya barabarani. Mizani ya kupimia watu inatosha, hata ile inayoishia kilo 120. Tafuta ubao mgumu wa urefu wa mita moja na vipande viwili vya bomba. Bomba la kwanza liweke juu ya tofali, la pili juu ya mizani, umbali wa sentimita 90 kati yao, kisha laza ubao juu ya mabomba hayo. Soma mizani ikiwa na ubao mtupu na uandike namba hiyo. Tela likiwa limepakiwa, limesimama sawasawa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, teremsha mkono wake ukae juu ya ubao sentimita 30 kutoka bomba la tofali. Soma tena, toa ile namba ya kwanza, zidisha kwa 3. Mizani ikisoma kilo 50 baada ya kutoa, mkono una kilo 150.

Marobota yapangwe kuanzia juu ya ekseli, kisha mbele yake, nyuma ndiyo ya mwisho. Yaliyo mazito yakae chini. Tumbaku hupandishwa juu sana kwa kuwa ni nyepesi kwa ujazo wake, na ukuta huo mrefu ndio unaoshika upepo. Kimo cha mzigo kisizidi upana wa tela. Fungeni kamba mbele na nyuma pia, si za ubavuni tu, maana mzigo ukiteleza nyuma safarini hesabu yote imevurugika.

Kuna kasoro nyingine tunayoiona sana kwenye matela ya kuchomelea: ekseli imewekwa katikati kabisa ya bodi. Hapo hata ukipakia sawasawa, mkono unabaki mwepesi. Kwa bodi ya mita 3 yenye mkono wa mita 1.3 mbele yake, sogeza ekseli sentimita 30 nyuma ya katikati. Mzigo uliosambaa vizuri utakupa karibu asilimia 10 bila kuhangaika. Ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji mzuri, na hatujui matengenezo mengine ya tela yanayolipa kuliko hayo.

Likianza kupiga mkia akiwa njiani, aachie mafuta taratibu, ashike usukani umenyooka na asubiri. Asikanyage breki ya gari, kwa kuwa tela litamsukuma pembeni. Asijaribu kulifukuzia kwa usukani, na asiongeze mwendo ili "kulinyoosha".

Breki zinanuka kwenye mteremko

*Natoka Manyovu na maharage kushuka Kigoma mjini. Jumla ya gari na tela ni kama tani 3.5. Katikati ya mteremko breki zinanuka na pedo inazama. Pedi ni mpya.* – Msomaji, Buhigwe

Kaka, simamisha safari hizo hadi tela liwe na breki zake lenyewe. Msafara wa tani 3.5 ukishuka mita 100 za kimo unatoa joto linaloweza kuchemsha takriban lita 10 za maji. Ukibana breki njia nzima, sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski mbili na ngoma mbili za gari pekee, na mteremko wako una mita nyingi zaidi ya 100.

Pedo kuzama maana yake ni mafuta ya breki kuchemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, ila yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mwaga yote, weka DOT 4 kutoka kopo lililofungwa, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali na silinda kuu, na urudie kila baada ya miaka miwili. Pedi mpya haziwezi kuponya mafuta ya miaka sita.

Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, na uichague ukiwa juu, kabla mwendo haujashika. Ukihitaji breki, kanyaga kwa nguvu hadi mwendo ushuke, kisha achia kabisa ili zipoe. Kugusa kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakoziunguza. Zikianza kunuka, simama pembeni, zuia magurudumu kwa mawe, na usizimwagie maji: ngoma ya moto hupasuka.

Ulaya tela lenye jumla ya zaidi ya kilo 750 haliruhusiwi bila breki zake, na kwa miteremko yenu kipimo hicho ni cha busara. Zipo aina mbili zinazofaa pikapu. Ya kwanza hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo tela linalisukuma, mkono unaingia ndani na kuvuta kebo ya breki. Haihitaji umeme, na fundi wa kawaida anaielewa. Kaza viatu mpaka gurudumu liburuze, kisha legeza mpaka lizunguke huru, pande zote mbili sawasawa, na paka grisi sehemu inayoteleza, kwa sababu vumbi likiikamata breki haitashika au haitaachia. Ya pili ni ya umeme, yenye kidhibiti kwenye dashibodi. Ni bora zaidi kwa tela zito. Kuitega, nenda barabara tambarare isiyo na watu, kilomita 30 kwa saa, bonyeza kidhibiti kwa mkono na uongeze nguvu mpaka magurudumu ya tela yafunge, kisha punguza kidogo. Tega upya kila mzigo unapobadilika. Tumia waya mnene, wa milimita za mraba 4 au 6. Waya wa taa hupotezea breki umeme njiani.

Usisahau minyororo miwili ya usalama, ikipishana kama msalaba chini ya mkono wa tela. Kichwa kikichomoka, mkono unaangukia kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Kebo ya dharura ya breki ifungwe kwenye chesisi, kamwe isifungwe kwenye tufe la kuvutia.

Beringi za tela la boti

*Tunavuta boti kutoka mwaloni wa Kibirizi kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Gari halina shida, lakini beringi za tela zinakufa kila baada ya miezi michache.* – Msomaji, Kigoma

Habu yenu, kitovu cha gurudumu chenye beringi, inaingia ziwani ikiwa ya moto. Hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na kunyonya maji kupitia oili sili. Grisi inageuka rangi ya maziwa na kutu inafanya yaliyobaki. Mkifika ufukweni, subirini nusu saa habu ipoe mkononi kabla ya kurudisha tela majini, na chomoeni plagi ya taa wakati huo huo, maana balbu ya moto ikiguswa na maji hupasuka.

Tumieni grisi ya vyombo vya majini, aina moja, bila kuchanganya. Beringi ijazwe kwa kiganja: igandamizeni kwenye grisi upande mpana mpaka itokeze upande wa pili, pande zote. Oili sili iwe mpya kila mnapofungua. Kaza nati huku mkizungusha gurudumu, legeza, kisha kaza kwa vidole tu hadi tundu la karibu na mfunge pini. Gurudumu libaki na mchezo mdogo sana unaosikika mkononi. Beringi iliyokazwa kwa nguvu ya spana huungua mapema. Baada ya kilomita 20 simameni mguse habu zote: vuguvugu si tatizo, lakini moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ifunguliwe siku hiyo.

Kwenye kupandisha boti, wekeni 4L (magurudumu yote manne, gia za chini) na gia namba moja, klachi iachiwe yote mapema. Mkifika kwenye lami kavu rudisheni 2H (magurudumu mawili ya nyuma tu).

Springi zimelala

*Nikifunga tela mkia wa pikapu unashuka, taa zinamulika juu na usukani unakuwa mwepesi. Niongeze pleti ngapi za springi?* – Msomaji, Kasulu

Kwanza uone kinachotokea. Mkono ukikandamiza kilo 150 mahali palipo mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 3 kati ya ekseli mbili, ekseli ya nyuma inabeba kilo 210, na ya mbele inapunguziwa 60. Hizo 60 ndizo usukani wako uliopotea. Na zile 150 zinahesabiwa ndani ya mzigo wa gari: bodi ikiwa imejaa, tayari umezidisha.

Hamishia mzigo wa bodi mbele, ugusane na kabini. Pima kimo cha fenda ya nyuma gari likiwa tupu na likiwa na tela. Likishuka zaidi ya sentimita 5 au 6 kwa uzito halali, ongeza pleti moja, mbili kwa mwisho, pamoja na boliti za U mpya. Pleti hazimwongezei mtu uwezo wa ekseli, beringi wala chesisi. Wanaorundika tano au sita huishia kuchomelea nyufa nyuma ya kabini.

Matairi ya tela yanapasuka

*Tela langu la chumvi kutoka Uvinza limepasua matairi mengi. Nanunua yaliyotumika, lakini yana meno mazuri.* – Msomaji, Nguruka

Meno hayasemi umri. Ubavuni tafuta namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita usilifunge kwenye tela lenye chumvi. Soma pia namba ya mzigo: 100 ni kilo 800 kwa tairi, 104 ni 900, 108 ni 1,000, 112 ni 1,120. Tela lako likiwa na jumla ya tani 2 kwenye matairi mawili, la gari dogo lenye 100 lazima lipasuke hata likiwa jipya.

Jaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi, hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni kama mzigo ni kamili. Tairi laini linajikunja, linapata joto na kupasuka kilomita nyingi baadaye, ndiyo sababu watu hulaumu jiwe. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 80 hivi tangu ulipobadilisha tairi.